Maswali ya wasomaji: Mistari 720, watoto 60

SWALI: Asalaam aleikum. Mimi ni karani wa kliniki, Lamu. Tumepima uzito wa watoto 60 kila mwezi kwa mwaka mmoja, wengine wa Amu mjini, wengine wa Pate. Nililinganisha wastani wa pande mbili kwa hesabu ya kawaida, ripoti ikarudishwa kwamba vipimo vinajirudia. Kosa liko wapi? Na nafasi tupu, za miezi ambayo mtoto hakuja, nizijaze vipi?

JIBU: Waaleikum salaam. Umehesabu mistari ya jedwali (watoto 60 mara vipimo 12, yaani 720) badala ya watoto. Mtoto mzito mwezi huu aghalabu ni mzito mwezi ujao, kwa hiyo kipimo chake cha pili hakileti habari mpya nzima. Kadiria kwa 1 + (m − 1)r: m ni idadi ya vipimo vya kila mtoto, r ni kiasi vipimo vyake vinavyofanana, kuanzia 0 (havihusiani) hadi 1 (ni sawasawa). Kwa vipimo 12 na r ya 0.8 unapata 9.8. Gawa 720 kwa 9.8, unabaki na habari ya kama vipimo 73 visivyotegemeana. Ndiyo maana tofauti ya Amu na Pate ilionekana ya uhakika kupita kiasi. Kwenye kasi ya kukua mambo hugeuka: mtoto hulinganishwa na nafsi yake, na hesabu ya kawaida hukupunja uhakika uliokuwa nao.

Kila ziara iwe na mstari wake: namba ya mtoto, jinsia, tarehe ya kuzaliwa, tarehe ya kupimwa, uzito, kituo. Usiandike “mwezi wa 5”; aliyeitwa tarehe 3 huja tarehe 19. Kisha chora mstari wa kila mtoto kwenye grafu moja kabla ya hesabu yoyote. Utaona 7.4 iliyoandikwa 74, mtoto “aliyepungua” kilo mbili kumbe namba yake kapewa mwingine, au kituo kizima kilichopanda siku moja kwa kuwa mizani haikurudishwa sifuri.

Uzito haupandi kwa mstari ulionyooka: mtoto hufikia maradufu ya uzito wa kuzaliwa karibu na miezi mitano, na mara tatu karibu na mwaka. Geuza kilo ziwe alama z (umbali wa mtoto juu au chini ya wastani wa watoto wa umri na jinsia yake) kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani vya 2006. Halafu tumia modeli ya athari mchanganyiko, waliyoieleza Nan Laird na James Ware mwaka 1982, inayompa kila mtoto mwanzo wake na kasi yake. Kwenye R, programu ya takwimu, kwa kifurushi chake cha lme4:

lmer(z ~ umri * kituo + (1 + umri | mtoto))

Umri uwe wa miezi (siku gawa kwa 30.4). Ukiuacha kwa siku, programu mara nyingi hulalamika kwamba haikufikia jibu.

Nafasi tupu usizijaze kwa kipimo cha mwisho. Utamdumaza mtoto kwenye karatasi. Modeli hutumia vipimo vilivyopo. La muhimu ni sababu ya kukosekana, jambo alilolichambua Donald Rubin mwaka 1976. Kusi ikichafua bahari, mama wa Pate hatavuka, mtoto awe mnene au mwembamba. Hilo halina madhara makubwa, ila kama msimu huo ndio pia wa chakula haba. Aliyeacha kuja baada ya vipimo vyake kuanza kushuka, modeli humstahimili. Aliyedhoofika baada ya ziara yake ya mwisho ndiye tatizo: data yako haina alama yake yoyote. Ongeza safu ya “sababu” leo hii: bahari, kuhama, ugonjwa, haijulikani.

SWALI: Nina watoto 18 tu hapa Malindi, kila mmoja kapimwa mara mbili. Nami nahitaji haya yote?

JIBU: La. Kwa vipimo viwili, kasi ya kila mtoto haitenganishiki na kosa la mizani, na modeli ile itakwama. Toa alama z ya kwanza kwenye ya pili kwa kila mtoto, kisha fanya jaribio la t la jozi, linalopima kama wastani wa tofauti uko mbali na sifuri, kwa tofauti hizo 18. Hakikisha tu muda kati ya vipimo unakaribiana kwa wote.