Ukitafuta njia ya misafara, ulizia maji

Kijana mmoja ameniuliza aanzie wapi kuchunguza historia ya kwao. Mimi ni mwalimu wa sekondari tu, ila likizo zangu nyingi zimeishia kwenye njia ya zamani ya misafara ya pembe za ndovu na watumwa, ile iliyotoka Bagamoyo ikapita Mpwapwa, Ugogo na Unyanyembe (karibu na Tabora ya leo) hadi Ujiji. Nitamweleza nilivyokosea.

Safari ya kwanza nilishuka kwenye basi nikaingia porini moja kwa moja. Nikiwa napima kwa hatua umbali kati ya mibuyu miwili, mgambo wawili wakanikuta, wakanipeleka kwa mtendaji wa kijiji. Alinitazama, akalitazama daftari langu, akasema, "Mwalimu, sema kweli. Unatafuta mali ya Mjerumani?" Ilinichukua mchana mzima kujinasua. Kwa hiyo barua ya utambulisho kwanza, kisha mtendaji, kisha mwenyekiti wa kitongoji, na mibuyu baadaye.

Kosa la pili lilinigharimu zaidi. Nilikuwa nawauliza wazee, "Njia ya watumwa ilipita wapi?" Walinijibu yaleyale ya kitabu cha shule, wengine wakanyamaza. Siwalaumu. Nani atamwambia mgeni kama babu yake aliuza, aliuzwa au alibeba mizigo?

Siku moja, kwa kuchoka tu, nikamuuliza bibi mmoja, "Enzi za wazee wenu, kiangazi kikikaza, maji walichota wapi?" Hakujibu. Alichukua dumu na bakuli, akanitangulia hadi kwenye korongo kavu. Akachimba mchanga kwa bakuli mpaka mkono ukazama hadi kwenye kiwiko, akasubiri maji yajikusanye, akaonja, akatema. "Haya yana chumvi, mwanangu. Ya kunywa yako kule, kwenye ule mkuyu. Na wapagazi walilala kulekule."

Sikuwa nimewataja wapagazi.

Wasafiri wa karne ya 19 waliandika kwamba ukitoka Mpwapwa kwenda Ugogo unavuka nyika iitwayo Marenga Mkali, yaani maji makali, ya chumvichumvi. Msafara wa mamia ya watu ulienda kule kwenye maji, si kule ramani inakopendeza. Watemi wa Ugogo walilijua hilo vizuri, wakatoza hongo ya vitambaa kwa kila anayepita. Hongo wakati ule ilikuwa ushuru wa wazi kabisa, unaojadiliwa mchana kweupe. Ilivyogeuka ikawa hii ya gizani ni makala nyingine. Mtumba nao ulikuwa mzigo wa nguo uliofungwa kwa ajili ya bega la mpagazi, kama frasila mbili hivi, zaidi kidogo ya kilo 30. Maneno kama haya yachunguze kabla hujaenda kutafuta magofu.

Tarehe zisikutese. Stanley aliandika kwamba alimkuta Livingstone Ujiji tarehe 10 Novemba 1871, lakini shajara ya Livingstone inaiweka siku hiyo kabla Oktoba haijaisha. Wote wawili walikuwa wameugua njiani na hesabu ya siku ikawapotea. Sasa mzee wa Ugogo akikuambia mama yake alizaliwa wakati wa Mtunya, usimkatize ukidai mwaka. Mtunya ni njaa kuu ya 1917 hadi 1920. Amekwisha kukutajia.

Ila fanya haraka. Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma 1914, ikachukua nafasi ya misafara, kwa hiyo walioiona misafara kwa macho yao hawapo tena. Waliobaki ni wale waliosimuliwa, na wao pia wanapungua kila masika.

Na andika usiku uleule, kwa kalamu. Mimi niliamini simu. Iliibiwa stendi siku mbili baadaye, sauti ya bibi ikaenda nayo. Nimebaki na mistari sita ya daftari, na ladha ya yale maji, maana baada yake na mimi niliyaonja.