Okestra inapiga au inacheza?

Swali: Mimi ni mwalimu wa kwaya, na pembeni natafsiri maelezo mafupi ya video. Juzi nililetewa video ya wanamuziki wa Marekani na zile fidla nane za Carleen Hutchins, moja ndogo kama ya mtoto, nyingine ndefu kuliko anayeipiga. Nikaandika: "Okestra ikicheza vyombo vilivyobuniwa upya vya familia ya violini." Mhariri kanirudishia na mstari mwekundu kuanzia mwanzo hadi mwisho, bila neno. Nimekosea wapi?

Jibu: Mwalimu, mhariri wako angekuhurumia walau kwa neno moja pembeni, lakini mstari wake una haki. Sentensi yako inaeleweka, ila inaeleweka sivyo. Asiyeiona video atadhani kuna bendi ya dansi inachezea violini kuukuu zilizokarabatiwa, mali ya familia ya mtu. Na angalia: kwenye swali lako umeniandikia "anayeipiga", tena bila kufikiri. Ulipokaa kutafsiri ndipo ukaandika "ikicheza". Basi tuanze na hapo.

Kwa Kiswahili ngoma ina watu wa namna mbili: wapo wanaoipiga na wapo wanaoicheza. Mpigaji ana ngoma mapajani au shingoni, na kazi yake iko mikononi. Mchezaji yuko uwanjani, kazi yake iko kiunoni na mabegani. Ukiniambia "Asha anacheza ngoma" sitaangalia mikono yake hata kidogo. Hawa wawili wanahitajiana, lakini kitenzi hakijawahi kuwachanganya, na ndiyo maana mtu aliyekulia kwenye lugha hii akisoma "okestra ikicheza vyombo" anaona mojawapo ya mambo mawili: ama watu wazima wanaserebuka na fidla zao mabegani, ama mtoto kaachiwa kitu cha thamani naye anakichezea.

Niliwahi kukaa nyuma ya wapiga fidla kwenye mazoezi ya taarabu Unguja. Chumba kidogo, feni haizunguki, kila mmoja anausugua uta wake kwa kile kipande cha utomvu mgumu mpaka vumbi jeupe linamwangukia magotini. Wakaanza, wakafika mahali mmoja akateleza. Kiongozi akasimamisha kila kitu. "Piga tena, taratibu." Kijana akapiga tena, akateleza palepale, akacheka. Mzee hakucheka. "Wewe unachezea," akamwambia. Toka siku hiyo sijatafuta mfano mwingine wa kutofautisha vitenzi hivi viwili.

Utaniuliza: mbona uta haupigi nyuzi, unazisugua tu? Kweli, lakini "piga" ni kitenzi kibarua, hakichagui kazi. Tunapiga pasi wala hatuigongi nguo, tunapiga mswaki na meno yanabaki salama. Tunapiga picha, kura, simu, magoti, na hodi tunaipiga kwa mdomo mtupu. Hata wimbo wa redioni hupigwa. Ukitaka kitenzi chenye rangi zaidi, waandishi wa habari za dansi wanavyo tele: gitaa hukung'utwa au hucharazwa, kinanda hupapaswa, tarumbeta hupulizwa. Fidla bado haijapata chake, inaendelea kuazima "piga" nayo inaitosha. Na ikishapigwa, yenyewe hulia, sawa na ile ngoma ambayo ikilia sana haikawii kupasuka.

Nakubali kwamba "kucheza gitaa" kumeenea, nakusikia Nairobi na nakusikia Dar es Salaam, hasa kwa waliojifunzia muziki kwenye vitabu vya Kiingereza. Sitamfukuza mtu mezani kwa ajili hiyo. Lakini wewe umeulizia kwa nini mhariri kachora mstari, na mimi ningeuchora pia.

Neno la pili lililokuponza ni "upya", na hili lina madhara makubwa kuliko kitenzi, kwa sababu linageuza habari yenyewe. Nyumba mpya haikuwapo jana. Nyumba iliyojengwa upya ilikuwapo, ikaanguka au ikachakaa, mtu akairudia. Herufi moja mbele na maana inahama mtaa. Sasa fidla za Hutchins ni mpya, au zimebuniwa upya?

Hapa inabidi uijue kazi ya mama huyu. Carleen Hutchins, aliyeishi Montclair, New Jersey, na kufariki mwaka 2009, alikuwa mwalimu kama wewe, ila yeye wa shule. Alijifunza kuunda viola, yule ndugu wa fidla mwenye mwili mkubwa kidogo na sauti ya chini zaidi, kwa mikono yake, kisha akafanya kazi na Frederick Saunders, mwanafizikia wa Harvard aliyekuwa akichunguza kwa nini fidla nzuri ina sauti nzuri. Walichokiona, kwa ufupi, ni kwamba katika fidla nzuri hewa iliyo tumboni hutetema kwa nguvu karibu na sauti ya mmoja wa nyuzi mbili za katikati, na mbao zenyewe hutetema karibu na sauti ya ule mwingine, kwa hiyo kila upande nyuzi zinasaidiwa. Viola na chelo, ile kubwa zaidi inayopigwa mpigaji akiwa ameketi, hazina bahati hiyo. Miili yake ni midogo kwa uzito wa sauti zinazotakiwa kutoa, kwa sababu fundi ilibidi afikirie bega na mkono wa mpigaji. Mwishoni mwa miaka ya 1950 mtunzi Henry Brant akamwendea Hutchins na ombi: ampatie fidla za kila sauti, kutoka chini kabisa hadi juu kabisa, zote ziwe na ule utamu wa fidla. Zilipigwa pamoja mbele ya watu New York mwaka 1965.

Zitazame moja moja uone neno "upya" linavyoyumba. Ile ya mezo, yaani sauti ya kike ya kati, ina nyuzi za sauti zilezile za fidla ya kawaida, mwili tu ndio umeongezwa. Hiyo ukisema imebuniwa upya sitabisha. Ya alto ni viola iliyobuniwa upya: mwili wake unakaribia sentimeta 51 wakati viola nyingi ziko kwenye 40 na kitu, ndiyo maana inasimamishwa sakafuni kwa kijiti cha chuma badala ya kubanwa kidevuni. Yo-Yo Ma, mpiga chelo, alirekodi konserto ya viola (muziki wa viola moja mbele ya okestra) ya mtunzi Béla Bartók kwa alto ya namna hii, akiipiga wima kama chelo yake. Lakini ile ya tenori, iliyo okteva moja (kutoka do hadi do) chini ya fidla, inakaa kwenye pengo kati ya viola na chelo ambalo okestra ya kawaida haina ala ya kuliziba. Na ile ndogo kuliko zote, yenye mwili usiofika sentimeta 30 na sauti iliyo okteva moja juu ya fidla, Hutchins alilazimika kuitoboa vitundu ubavuni ili hewa ya ndani itetemeke juu vya kutosha. Hizo hazikuwa na nduguye kwenye okestra wa kubuniwa upya. Kwa kundi zima, basi, andika "mpya" na uliache "upya" kwa siku utakayoandika juu ya mezo peke yake.

"Kubuni" ulilichagua vizuri, ingawa "mpya" ikishakaa kwenye maelezo mafupi halihitajiki. Ukitaka kutaja kazi ya mikono pia, ongeza "kuunda", neno ambalo watu wa pwani wanalitumia kwa majahazi, na kuunda fidla hakuko mbali na huko: mbao nyembamba zinakunjwa, zinaungwa, na fundi anasikiliza. Ila jahazi nalo ni chombo. Sahani ni chombo. Ndiyo maana kwenye maelezo mafupi, pasipo nafasi ya kusema "vyombo vya muziki", mimi huandika "ala". Ala hii, ala hizi, mpya, za, basi.

"Familia ya violini" nayo ni harufu ya Kiingereza. Familia ni baba, mama, watoto na kodi ya nyumba. Vitu vinavyofanana asili Kiswahili kimeshavipangia neno, na ulilisikia shuleni: simba ni mnyama wa jamii ya paka. Bwana shamba atakuambia maharage, choroko na mbaazi ni mazao ya jamii ya kunde. Basi fidla, viola, chelo na wenzake ni ala za jamii ya fidla.

Na ni fidla, si violini. Hapa najua watu wa bara watanuna. Lakini taarabu ya Unguja ina fidla tangu enzi za Siti binti Saad, yule aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, na wapigaji wake wamekuwa wakiilegeza nyuzi mbili za juu ili ikae na zile ala nyingine za nyuzi, udi na kanuni. Neno lililopigiwa kazi kiasi hicho halihitaji mbadala. Kuna wanaopendekeza "zeze", kwa hoja kwamba ni la asili. Zeze la Wagogo kweli hupigwa kwa uta, na dunia ililisikia mikononi mwa Hukwe Zawose, lakini zeze ni zeze. Kumpa mtu jina la jirani yake si kumkaribisha.

"Okestra" iache. Najua kwa mzee wa Dar es Salaam neno hilo ni Maquis Original au Safari Sound, magitaa na tarumbeta na watu ukumbini hadi alfajiri, lakini fidla zikitajwa palepale picha inajirekebisha. Kwa hiyo:

"Okestra ikipiga ala mpya za jamii ya fidla."

Imepungua neno moja, na mhariri anapenda hivyo.

Hukuuliza majina ya hizo nane, lakini yatakufikia tu, kwa hiyo bora tuyamalize. Wewe ni mtu wa kwaya, nusu ya kazi umeshaifanya: fidla ya soprano, ya mezo, ya alto, ya tenori, ya baritoni. Weka kiunganishi "ya", kama tunavyosema gitaa la besi, usiandike "fidla alto" kana kwamba Alto ni jina la ukoo. Nimeandika tenori na si tena, ingawa kwayani mnatamka "tena" na hakuna anayechanganyikiwa. Kwenye maandishi "fidla ya tena" itamfanya msomaji atafute ile ya kwanza iko wapi. Chini kabisa kuna besi ndogo na besi kubwa, hii ya pili ikiwa ndiyo ile inayopita mita 2. Juu kabisa ndipo pagumu. Sisi sauti ya juu tunaiita nyembamba na ya chini tunaiita nene, lakini "fidla nyembamba" ni fidla iliyokonda. Mimi ningeandika "fidla ya juu kabisa" nikaendelea na maisha. Usijaribiwe na "kifidla" na "jifidla". Vinachekesha mezani, na sarufi inaviruhusu (kifidla kinalia, jifidla linalia), lakini kwenye maandishi cha kwanza kinadharau na cha pili kinatukana. Wingi nao usiuvishe "ma-": magitaa ndiyo, mafidla hapana. Ni fidla moja, fidla nane.

Jambo la mwisho, kwa sababu naona video hiyo haina mwimbaji. Ukifika kwenye jina la kinachopigwa, mkono wako utakwenda kuandika "wimbo". Uuzuie. Wimbo huimbwa. Unguja wana bashrafu, ule muziki wa ala tupu unaofungulia taarabu kabla mwimbaji hajasogea mbele, na hakuna anayeuita wimbo. Wamarekani hao hawapigi bashrafu, ile ina umbo lake na mapigo yake, lakini "muziki wa ala tupu" utawatosha.