Sungura Wangu Niwatoe au Nibaki Nao?

*Shangazi, shikamoo. Nina sungura wawili, majike ndugu, niliowafuga kwa miaka minne. Tangu nijifungue na kurudi kazini, wanashinda kizimbani kutwa, na mume wangu anasema tuwatoe. Nikiwaza hivyo najiona msaliti. Nifanye nini?*

Marahaba, mwanangu, na hongera kwa mtoto.

Suala la usaliti liweke kando kwanza, kwa sababu sungura hajui ahadi uliyojiwekea moyoni. Anachojua ni kama leo amepata nyasi kavu, maji safi na nafasi ya kukimbia na mwenzake. Kwa wiki moja, andika kila siku wametoka kizimbani kwa saa ngapi na ni nani aliyewatazama wakila, kwani sungura asiyekula wala kutoa kinyesi kwa nusu siku ni mgonjwa wa kukimbizwa kwa daktari wa mifugo, na nyumba ambayo hakuna atakayeligundua hilo hadi kesho yake si salama kwao, hata ikiwapenda namna gani.

Pima pia kama shida hii ni ya kupita. Sungura wa kufugwa huishi miaka 8 hadi 12, ilhali mtoto hawi mchanga muda wote huo. Mumeo akishika zamu ya jioni, na kizimba kikiachwa wazi ndani ya uzio mpana, huenda asihame mtu. (Nimeona anataka watolewe, ila sijaona ukisema yeye huwahudumia lini.)

Ikiwa mmejaribu kwa dhati na bado wanashinda wamefungiwa, watoe bila kuona haya, lakini waende wote wawili kwa mtu mmoja, maana sungura waliozoeana wakitenganishwa huweza kusononeka hadi kuacha kula. Usitangaze kuwa unawagawa bure kwa yeyote, kwani wapo watakaowaona kitoweo. Nenda ukaone watakapolala, na uulize ni daktari gani atakayewatibu. Wala usimsikilize atakayekushauri uwaachie porini, kwa kuwa waliozaliwa kizimbani hawajui kujitafutia wala kujificha.

Siku ya kuwakabidhi, wafungashie chakula walichokizoea cha wiki mbili ili kibadilishwe polepole, maana tumbo la sungura haliwezi mabadiliko ya ghafla, na mpatane mapema kwamba mpokeaji akishindwa atakurudishia wewe, asiwapeleke kwa mwingine.