Usilinde kitufe cha bei kwa is_admin()

Mkuu, simama hapo hapo. Hicho kitufe cha kubadili bei ulichouliza, cha duka lako la WordPress (mfumo wa kutengenezea tovuti), unachotaka kuwaficha wateja kwa sharti la is_admin(), kitakutia hasara. Yangu nimeshalipa.

Kwenye WordPress, is_admin() haiulizi kama aliyepo ni admini. Inaangalia kama ombi limepitia upande wa wp-admin, yaani upande wa usimamizi wa tovuti, basi. Ukiiweka kwenye single.php, faili la themu linalochora ukurasa wa bidhaa, hata wewe mwenye duka hukioni hicho kitufe, maana ukurasa wa bidhaa uko upande wa wageni. Utakuna kichwa, halafu utafanya kama mimi: unahamishia msimbo wa kubadili bei kwenye functions.php, unauning'iniza kwenye init (hatua ambayo WordPress huipitia kwa kila ombi), unakubali, unajiona injinia.

Sasa sikia. Faili la admin-ajax.php limo humo humo wp-admin, ila liko wazi hata kwa asiye na akaunti, kwa sababu plagini (programu za nyongeza) kibao zinalitumia kuhudumia wageni. Ombi likipita hapo, is_admin() inaitikia ndiyo. Kwa hiyo aliyeongeza ?bidhaa=118&bei=45 mwishoni mwa anwani ya faili hilo alijipangia bei, na majina hayo nilikuwa nimeyaanika kwenye JavaScript ya themu. Gauni la 45,000 likaondoka kwa shilingi 45, limelipiwa kihalali, na meseji ya "asante kwa kununua" ikatumwa. Mteja wangu akaniuliza kama ni ofa ya Sabasaba. Nywila yangu ndefu ilibaki salama salimini, hakuna aliyehangaika nayo.

Na yule mwalimu wa video aliyetuambia "weka is_admin, wageni hawaoni kitu" bado anauza kozi. Nilimwandikia chini ya video, akafuta komenti.

Ukitaka kujua ni nani, uliza ruhusa yake, hapa ile ya kubadili mipangilio ya tovuti, ambayo kwa kawaida ni ya admini:

if ( current_user_can( 'manage_options' ) )

Iweke pale kitufe kinapochorwa, na tena pale bei inapoandikwa kwenye databesi. Ya kwanza ni urembo, ulinzi ni hiyo ya pili. Ongeza wp_verify_nonce(), inayokagua kama ombi limetoka kwenye ukurasa wako mwenyewe, usije ukabofya kiungo cha mtu ukabadili bei mwenyewe bila kujua. Wala usikimbilie is_user_logged_in(). Mteja aliyefungua akaunti jana naye ameshaingia.

Wewe futa huo mstari wa is_admin() kwanza, halafu bandika functions.php yako nzima hapa tuone kama haujajificha mwingine.