Moby-Dick: niliziruka kurasa za maelezo, nikajuta

Mkuu, umesema umekwama sura ya 60 ya Moby-Dick, ile riwaya ya Herman Melville ya wavuvi wa nyangumi, mtu anakueleza kamba ya kuvulia nyangumi mwanzo mwisho na stori haisogei, ukauliza kama kuna anayekipenda hiki kitabu kwa ajili ya hayo maelezo na kama ukiyaruka utapoteza kitu. Utapoteza. Mimi niliruka, na nilianza kuruka hapohapo kwenye kamba.

Mara ya kwanza nilikisoma kama mtu anayekimbilia basi. Nilichotaka ni Ahab, yule nahodha wa mguu wa mfupa, akutane na nyangumi wake mweupe wapigane yaishe. Kitabu kina sura 135, sasa nikajiwekea sheria kwamba sura ikianza bila mtu kuongea naipita. Nilizipita nyingi aisee. Nilipofika zile siku tatu za mwisho za kumfukuza nyangumi nikawa nasoma kama naangalia mechi ya timu nisizozijua, halafu Ahab anakufa (samahani nakumwagia uhondo, ila kitabu ni cha 1851 bwana) na anachomuua ni kamba. Inamkaba shingo inamvuta, hata wenzake kwenye mashua hawajajua kama ameondoka. Nikasema eh, kamba tena? Imetoka wapi? Kumbe ndo ileile ya sura ya 60, aliyokaa akatueleza inavyokunjwa kwenye pipa na kupita katikati ya wapiga makasia wote, kwamba ukikaa vibaya kidogo inaondoka na mkono au inaondoka na wewe mzima. Nilikuwa nimeiruka, kwa hiyo kifo chenyewe kikanipita hivihivi nikasema kitabu kinasifiwa bure.

Kilichonirudisha ni sura ya 94, nilifungua tu kwa bahati. Hakuna kinachotokea mle. Mafuta ya kichwani mwa nyangumi yamepoa yameganda mabonge, mabaharia wamezunguka chombo kikubwa wanayafinya kwa mikono yarudi kuwa maji. Kazi ndo hiyo. Lakini Ishmael, anayesimulia, anafinya mpaka anahisi vidole vyake vimekuwa mikunga, harufu yake anasema ni kama maua ya vayoleti, anajikuta anafinya mikono ya wenzake humo ndani akidhani ni mabonge, na akishajua si mabonge wala haachi, anawatazama machoni kwa mapenzi, anatamani watu wote tukae tufinyane mikono hivyo. Nilicheka peke yangu. Halafu anasema katika yale mafuta amekisahau kile kiapo kibaya walichokula na Ahab cha kumwinda nyangumi mweupe, amenawa mikono na moyo, nikaacha kucheka, nikarudi nyuma sura moja nikakuta ni ya Pip, yule kijana aliyeachwa peke yake katikati ya bahari, akaja kuokolewa lakini akili ikabaki kulekule. Yaani hiyo sura ya mafuta ndo pumzi pekee mtu anavuta baada ya kitu kama kile, na mimi niliipita kwa sababu ilionekana ni habari za kazi.

Nikaanza upya kutoka mwanzo, safari hii kwa sauti, sura moja au mbili kwa usiku na bila kukimbilia kamusi kila neno. Ya 42 ilinimaliza pumzi kihalisi. Inaongelea weupe tu, na kuna sentensi moja inaanza na "ingawa" halafu anarundika ingawa juu ya ingawa, lulu, ndovu weupe wa wafalme, joho la hakimu, vazi la padri, vyote vizuri, vyote vya heshima, unasubiri atue hatui, na anapotua anakwambia pamoja na hayo yote kuna kitu ndani ya weupe kinatisha roho kuliko wekundu wa damu. Angeandika "nyangumi alikuwa mweupe, akatisha" nisingemwelewa kamwe. Na ya 96, usiku, meli inachemsha mafuta, moto na moshi, Ishmael ameshika usukani anautazama huo moto na sentensi zinabembeleza mpaka mimi nikawa nimesinzia naye, mara anazinduka anakuta amegeuka anaangalia nyuma ya meli na nusura aipindue.

Sio kwamba kila ukurasa ni dhahabu. Sura ya 32 anawapanga nyangumi kwa saizi za vitabu, anabisha kabisa kwamba nyangumi ni samaki, najua ni utani lakini huwa inanilaza mpaka leo. Ila kwenye habari za kazi za mikono hadanganyi, Melville mwenyewe alipanda meli ya wavuvi wa nyangumi, Acushnet, Januari 1841. Na usidhani ni wewe tu uliyechoka, wasomaji wa wakati wake wengi hawakukitaka, akaishia kufanya kazi ya forodha New York miaka 19, akafa 1891 kabla kitabu hakijapata jina kubwa.

Kwa hiyo rudi kwenye kamba yako, soma taratibu, angalia inapita kwa nani na nani mle kwenye mashua. Ukifika ya 87, pale mashua inajikuta kwenye maji matulivu katikati ya kundi na wanainama kuchungulia chini wanawaona nyangumi wakinyonyesha, njoo tuongee.