Alamisho la udongo wa polima na lastiki: pale nilipokosea mimi, wewe usipite

Kwetu Langoni, hapa Lamu, kitabu kinaalamishwa na chochote kilicho karibu, kijiti cha kiberiti, risiti ya boti, uzi uliotoka kwenye kikoi, na mamangu yeye alikuwa anabana kitabu chake cha dua na kipini cha nywele mpaka kikashika kutu, si unajua hewa yetu ya chumvi, doa limepenya karatasi tatu nzima. Hilo doa ndo lilinianzisha. Nikaona picha ya alamisho la udongo, ua dogo limekaa kwenye mkanda wa lastiki na mkanda unazunguka kitabu juu mpaka chini, haling'oki hata ukikibeba kitabu kichwa chini, nikasema hii ntaiweza, kazi ya mkono si kitu kigeni kwetu. Basi. Manne ya kwanza yote yaliishia jaani.

Na niseme mapema, karibu yote hayakuharibikia kwenye urembo. Kila anayeanza anahangaika na maua, majani, nyota, na hayo utayaweza tu hata ukiwa na kijiti cha meno peke yake. Kinachokuumbua ni joto na lastiki, mambo mawili yasiyo na raha yoyote kuyasimulia, ndo maana hakuna anayekusimulia.

Kwanza udongo wenyewe si udongo. Ni PVC, plastiki ile ile ya mabomba ya maji, imesagwa unga ikachanganywa na mafuta ya kuilainisha na rangi. Kwa hivyo haukauki. Mamangu aliyakuta maua yangu mezani bado laini, akanionea huruma, akayapandisha darini juani siku mbili kama mtu anavyoanika chungu. "Mwanangu, udongo gani huu usiokauka?" Umeshika vumbi, umeshika manyoya ya paka (paka wa Lamu hawana mipaka, wamelala juu yake), na umekuwa kitu cha katikati, si laini si mgumu, ukiubonyeza unavunjika vunjika kama halua ya mwezi jana. Jua linauanza-anza tu, haliumalizi. Unaiva kwa joto la oveni, hapo zile chembe za plastiki zinashikana zinakuwa kitu kimoja, na bila hivyo hauwi kitu.

Kwa sababu hiyo hiyo uangalie unavyokufikia. Mimi niliagiza Mombasa, mzigo ukaja na basi, Malindi, Mokowe, afu boti, na pakiti mbili zilifika zimekakamaa manake zilikaa buti siku nzima na joto la huko chini mnalijua. Sasa namwomba anayeniletea aushike mkononi kama anavyoshika simu yake, hata akininunia. Ukifika weka kabatini pasipo na jua, usiuweke juu ya friji, pale juu pana joto.

Kuukanda ni lazima hata kama ukiubonyeza unaona tayari ni laini. Dakika tano, kumi, kama unga wa chapati, mpaka ukiukunja usipasuke ukingoni. Miezi ya kaskazi shida inageuka, unakuwa laini kupita kiasi unang'ang'ania vidole kama ubani uliotafunwa, basi mimi nafanya kazi baada ya alfajiri kabla nyumba haijapata moto, na ukizidi nausukuma bapa nauweka katikati ya karatasi mbili nyeupe na kitabu kizito juu, saa moja hivi, karatasi inanyonya yale mafuta. Karatasi nyeupe jamani, nilitumia gazeti nikapata ua lenye habari za siasa mgongoni. Na ufanyie kazi juu ya kigae au kioo, si meza ya plastiki, udongo mbichi unakula baadhi ya plastiki, meza yangu ina duara mpaka leo.

Anza na nyeupe, malizia na nyeusi. Nyeupe inashika kila kitu, vumbi, rangi ya mkono, nyuzi za vazi la buibui.

Urembo ntaupitia haraka. Nasukuma kwa chupa ya glasi mpaka unene wa milimita 4 au 5 hivi, nakata duara kwa kifuniko, afu nachora. Mwanzo nilifanya samaki, nikajiona fundi, nikampelekea shangazi yangu anayefundisha madrasa auwekee msahafu wake, akalipokea kwa adabu zake zote afu akaniambia taratibu, mwanangu samaki ana macho, niwekee ua. Nikatoka nikapita Usita wa Mui, ile njia kuu ya mji wetu, naangalia milango kama mgeni, na kweli yale mawaridi yaliyochongwa kwenye miimo, duara ndani ya duara na petali zimepangwa sawa, ni kama yamechongwa kwa ajili ya hii kazi. Lakini usiende ukabandika udongo kwenye mlango wa mtu kupata chapa! Ule udongo una mafuta, mbao ya miaka mia itabaki na doa, na utakuwa umemkosea mwenye nyumba. Piga picha, nenda nyumbani kachore. Ukitaka chapa tumia lesi ya nguo au kifungo cha zamani, upake poda ya mtoto kidogo kisinate.

Sasa hapa kwenye mgongo wa ua ndo pa kutulia. Lastiki haiingii oveni, kwa hivyo njia yake lazima iwe tayari kabla ya kuoka. Mimi mara ya kwanza nilitoboa tundu mbili za sindano nikapitisha lastiki ya duara nyembamba, ile ya kushonea shanga, ikaonekana nzuri wiki mbili afu ikakatika, kuangalia vizuri kumbe ukingo wa tundu ulikuwa mkali, kila ukifungua kitabu unaikereza kama msumeno. Siku hizi sitoboi. Nakata kipande chembamba cha udongo nakilaza mgongoni mwa ua kama daraja, nabonyeza ncha zake mbili zishike, na chini ya daraja naweka karatasi iliyokunjwa kunjwa ili lisilale wakati wa kuoka. Karatasi haiungui kwa joto hili. Likishapoa unaivuta, una njia pana, laini, ya kupitisha lastiki bapa.

Oveni. Pakiti ya FIMO, aina moja ya udongo huu, imeandikwa nyuzi 110 kwa dakika 30, aina nyingine, Sculpey Premo, ni 130 kwa dakika 30 kwa kila milimita 6 za unene, kwa hivyo soma pakiti yako usisome ya rafiki yako. Mimi nilisoma nikafuata na bado nikaunguza, manake kile kioveni cha mezani nilichoazima kimeandikwa 130 na ndani ni 160. Nimejuaje? Nilinunua kipimajoto cha kuning'iniza ndani, na kwa maoni yangu hicho ununue kabla hujanunua rangi ya pili ya udongo. Nyeupe yangu ilitoka rangi ya chai ya maziwa. Ukipitisha sana unaanza kutoa moshi, na huo si moshi wa keki iliyoungua, ni wa plastiki, una gesi ya asidi inayowasha macho na koo, ukiunusa zima, fungua madirisha, toa watoto nje, usubiri.

Vioveni vidogo vina shida nyingine, nondo ya moto iko karibu sana na kitu chako. Weka ua juu ya kigae, funika na foili kama hema isiliguse, washa uache oveni ipate moto kwanza ndo uingize. Jirani yangu anayeoka keki alinikatalia oveni yake, "dada, hii ni ya chakula", na alikuwa na haki, mimi mwenyewe leo kisu, kigae na chupa ya kazi hii havirudi jikoni tena. Kama huna oveni ya pembeni basi oka ndani ya trei uliyoifunika na foili ikabanwa vizuri, afu usafishe. Jiko la makaa usijaribu. Nimejaribu. Huwezi kulishika kwenye nyuzi 130 hata ukilikalia.

Watu wengi wakiogopa kuunguza wanatoa mapema, na hii ni mbaya zaidi manake haionekani. Ua linakuwa gumu kwa nje, unafurahi, afu likianguka sakafuni linavunjika kama biskuti. Lililoiva sawasawa, kipande chembamba ukikipinda kinapinda kidogo kinarudi. Kwa hivyo kila nikioka naweka na kaulimi kembamba ka majaribio pembeni, likishapoa kabisa (likiwa la moto huwa laini bado, usidanganyike) nakapinda. Kakikatika, narudisha yote oveni. Kurudisha hakuna ubaya. Lile lisiloiva vizuri pia linaharibu kitabu, mtoto wa kaka yangu nilimpa moja la haraka haraka akalibana kwenye daftari lenye jalada la nailoni, wiki moja tu likagandana na nailoni, kulibandua likaondoka na jina la shule.

Kung'arisha: usipake rangi ya kucha. Naona watu wanashauri, na inang'aa kweli siku ya kwanza, afu inaanza kunata na hainyamazi kunata milele, inakusanya vumbi lote la Lamu. Paka vanishi ya maji, au usipake kitu, chukua msasa wa maji namba 400, halafu 600, halafu 1000, sugua ndani ya bakuli la maji ili usivute vumbi lake, afu malizia na kitambaa cha jinzi. Mimi napendelea hivi, linakuwa na mng'ao wa pole kama kokoto lililokaa baharini.

Lastiki nenda kwa fundi cherehani, mwombe ile bapa ya milimita 5 au 6. Ya duara inaacha mfereji kwenye karatasi na fundo lake linatuna. Kupima usitumie hisabati sana: zungusha kamba kwenye kitabu toka juu mpaka chini urudi, pima, punguza kama sehemu moja ya kumi. Daftari la A5 lina urefu wa sentimita 21, mzunguko ni 42 na unene wake kidogo, mimi nabaki na 39 hivi, naongeza 2 za kupandanisha. Ukibana zaidi jalada laini linapinda kama upinde, ukilegeza ua linateremka. Msahafu ni mnene, upime peke yake. Pitisha kwenye daraja KWANZA ndo ushone ncha, mimi nimeshashona nikajisifu afu nikaona ua liko mezani. Shona kwa sindano, panda zile sentimita mbili juu ya nyenzake, nenda rudi mara sita saba. Usitumie supagluu, inakausha lastiki pale pale inakuwa kama kijiti na hapo ndo itakatikia.

Na ua likae nje, kwenye jalada au ukingoni, kamwe si katikati ya kurasa. Milimita 5 ndani ya kitabu kilichofungwa zinavunja mgongo wake na kuacha shimo kurasa ishirini. Mkanda peke yake ndo unaingia ndani.

Lastiki yenyewe kwa joto letu na chumvi hii italegea tu, usiilaumu. Ukiona imekuwa kama soksi ya zamani, fumua, vuta, pitisha nyingine kwenye daraja lile lile. La mamangu nimebadilisha mkanda mara mbili, waridi ni lile lile, na kile kipini chake chenye kutu bado anacho, amekirudisha kichwani.