Amevunja mguu au amevunjika mguu?

SWALI: Mimi ni muuguzi katika zahanati. Wenzangu huandika kwenye kadi ya mgonjwa "amevunja mguu", nami nimezoea "amevunjika mguu". Yupo pia anayeandika "ameteguka mfupa". Tuandike vipi? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Endelea na "amevunjika mguu". Tunapoeleza maumivu ya mwili, Kiswahili humtanguliza mwenye mwili, kisha hutaja mahali palipoumia: anaumwa kichwa, amevimba uso, amevunjika mguu. "Mguu wake umevunjika" si kosa, lakini wazungumzaji wengi huanza na mtu, kwa kuwa aliyepatwa ni yeye.

"Amevunja mguu" humwacha msomaji akijiuliza: mguu wa nani, au wa kiti? Kitenzi "vunja" kinadai mtenda na mtendwa. Beki akimchezea vibaya mshambuliaji, beki "amemvunja mguu", na mshambuliaji "amevunjwa mguu na beki". Huwezi kusema "amevunjika mguu na beki", maana kauli ya kutendeka haina nafasi ya mtenda. Kwenye kadi yako tofauti hiyo ni nzito: ukiandika "amevunjwa", umesema kuna aliyemvunja, na daktari atakayeisoma atauliza habari za PF3, fomu ya polisi ya majeruhi.

Sasa "ameteguka mfupa". Hili ningependa liachwe kabisa. Kinachoteguka ni kiungo, pale mifupa inapokutana: bega, kifundo cha mguu, nyonga. Katikati ya mfupa wa paja hakuna cha kuteguka. Tena neno hili lina madhara yake nyumbani. Jamaa wakisikia "ameteguka" huenda moja kwa moja kumtafuta mchuaji, na kama kumbe mfupa umevunjika, ncha zake zikisukumwa zinaweza kukata mishipa ya damu na ya fahamu.

Angalia pia kitenzi "katika". Kano na ligamenti, ambazo ni nyuzinyuzi, hukatika. Lakini "amekatika mguu" ni kusema mguu umetengana na mwili. Ukilitamka kwenye simu ya rufaa, wenzako watajiandaa kwa jambo jingine.

Mfupa huvunjika kwa sababu ya ulivyoumbwa. Ukiwa mkavu, takriban theluthi mbili ya uzito wake ni madini, hasa kalsiamu na fosfati, nayo ndiyo huupa ugumu. Sehemu kubwa ya kinachobaki ni kolajeni, protini inayouzuia usipasuke ovyo. Loweka mfupa wa paja la kuku kwenye siki kwa siku kadhaa: madini yatayeyuka, na utaweza kuukunja kwa vidole. Mifupa ya watoto ni laini kuliko ya watu wazima, kwa hiyo mara nyingine hupinda na kupasuka upande mmoja tu. Kwa mtoto wa namna hiyo andika hivyohivyo, "mfupa umepinda na kupasuka upande mmoja", kwa kuwa "umevunjika" peke yake haimwelezi daktari hali hiyo.

Lugha yetu inazo ngazi nyingine pia. Picha ya eksirei ikionyesha mstari mwembamba bila mfupa kuachana, mfupa "umepata ufa". Ukiwa vipandevipande, "umesagika". Ukitoboa ngozi, sema "umevunjika na kutokeza nje". Hapo kuna hatari ya vijidudu kuingia, na mgonjwa hapaswi kucheleweshwa.

Kama zahanati yenu haina eksirei, msiandike "amevunjika" wala "ameteguka" kwa kukisia. Andikeni mnachokiona: "ameumia kifundo cha mguu wa kushoto, kimevimba, hawezi kukanyagia." Picha ikisharudi kutoka hospitali, ongezeni jina la mfupa wenyewe: "amevunjika mguu wa kushoto, mfupa wa muundi."